Mbwa Aliyeachwa Bombani

Siku jirani alipohama, alifungua hata balbu ya chooni akaondoka nayo, mtu mzima na akili zake, lakini mbwa akamwacha uani amefungwa kamba kwenye bomba. Siku ya pili kilio cha mbwa kilimshinda mshona nguo wa nyumba ya pembeni. Akaingia, akaikata kamba ile nene kwa mkasi wake wa vitambaa, ambao hata dada yake wa tumbo moja hakuruhusiwa kuugusa. Mkasi ukawa butu. Mbwa akanenepa.

Baada ya miezi minne jirani akabisha hodi. Ati kule alikohamia wezi wamezidi.

"Dada, nimemfuata mbwa wangu."

Mbwa naye, bila haya, akamrukia, akamlamba mikono, mkia unakwenda kama feni.

"Umeona mwenyewe?" jirani akacheka. "Hajanisahau."

Mshonaji akamvuta mbwa ndani, kisha akasimama mlangoni, mkasi butu mkononi.

"Nimeona, kaka. Amekusamehe, kwa sababu yeye ni mbwa. Mimi si mbwa."

Akaubamiza mlango, akatia komeo.