Ufuko wa Mzee Isakwisa

Mume wangu Isakwisa na mke wa mwanetu, Tupokigwe, hawajatazamana tangu harusi. Tunaishi uwanja mmoja, tunakula chakula cha jiko moja, lakini ndiyo mila yetu Wanyakyusa: mkwe wa kike hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hata jina lake halitaji. Akimsikia njiani, anaingia migombani mpaka apite. Siku hizi wengi wameiacha. Hawa wawili wameing'ang'ania, na anayechoka ni mimi, maana kila neno lao linapita mdomoni mwangu.

Sasa huyo Tupokigwe ndiye afisa uwekezaji wa halmashauri. Mji wetu wa Lwangila, hapa ukingoni mwa Ziwa Nyasa, umelala tangu meli ziache kutia nanga. Ghala la mpunga limebaki kuta na popo, soko linafungwa mchana, na vijana wamehamia Mbeya, wamejazana mtaa wa Ilomba. Mwanangu Sifaeli, mumewe Tupokigwe, naye alishaanza kuulizia chumba huko. Tupokigwe alihangaika, akapiga simu hadi sikio likauma, akampata Bwana Edmund, mfanyabiashara wa mbao kutoka Igowole. Angejenga hoteli na gati jipya. Halmashauri nayo ingeweka ofisi palepale ufukoni, msimamizi akiwa Tupokigwe. Kilichotakiwa ni ule ufuko ulio mbele ya ghala, na ufuko huo ni wa mume wangu.

"Mwambie hapana," Isakwisa aliniambia.

Nikapeleka. Tupokigwe akanirudisha na yake: makaburi ya wazee hayataguswa, njia ya kuchota maji itabaki wazi kwa wote, ardhi itakodishwa tu, haitauzwa. Nikarudi nayo.

"Mwambie hapana."

Sababu hakutoa. Nilimwita mbishi mbele ya sahani yake, akaendelea kula.

Bwana Edmund alipokuja alisema wazi kwamba asipopata jibu siku hiyo, gati analipeleka mji mwingine. Tulikutana ndani ya ghala. Tupokigwe alisimama mbele, mchoro mkubwa umebandikwa ukutani, akaeleza mambo yakaeleweka hata kwa sisi wazee. Nilijivuna kana kwamba nimemzaa mimi. Isakwisa alikuwa ameapa hatatia mguu pale, lakini nadhani nyumbani palimshinda. Tukasikia anakohoa mlangoni.

Tupokigwe alikatiza neno katikati. Akavuta kitenge, akajifunika kichwa na uso, akageukia ukuta.

Sisi tulielewa. Bwana Edmund aliona afisa wa serikali akimficha uso mwenye ardhi, akawaza kile ambacho mfanyabiashara yeyote angekiwaza.

"Kumbe eneo lina mgogoro," akasema, akaokota miwani na funguo zake. "Mngeniambia mapema. Nilishapigwa pesa kwenye mashamba ya watu kule kwetu Mufindi, sirudii."

"Hakuna mgogoro, bosi," alisema Anania, mwenyekiti wa mtaa. "Huyo mzee ni baba mkwe wake. Hiyo ni heshima."

"Heshima ya kumgeuzia mtu mgongo?"

Bwana Edmund alikuwa ameshafika katikati ya ghala akielekea mlangoni. Isakwisa akatoka nje kwa mkongojo wake, akazunguka, akasimama chini ya dirisha lisilo na mbao, tusimwone ila kofia.

"Mama Sifaeli, mwambie mgeni sina ugomvi na mtu."

Bwana Edmund hakunisubiri. Alisogea dirishani. "Sasa mzee, kama huna ugomvi, unakataa nini?"

Kofia ikasogea karibu na dirisha.

"Pale ufukoni ndipo ninapokaa asubuhi," akasema Isakwisa. "Miguu hii hainifikishi kwingine. Ofisi ikijengwa, mkwe wangu atakuwa pale kutwa, na alipo yeye mimi sipo. Kuna siku alinipisha kwenye mvua, nami natembea hivi ninavyotembea. Alilowa mpaka nikaona haya. Ningesema nini, kwamba namnyima mji mzima kwa sababu ya pa kukaa?"

Nimeishi na mtu huyu, nimezaa naye, na hilo sikulijua. Niliona aibu, na nikamwonea huruma.

Tupokigwe akasema, uso ukiwa bado ukutani, "Bwana Edmund, ofisi iende nyuma ya ghala, upande wa barabara. Na ufukoni, kabla ya saa nne asubuhi, mimi sitakanyaga. Wala fundi wako, wala mgeni wa hoteli, asimwinue mtu atakayemkuta amekaa pale."

"Lakini huko nyuma hutaliona ziwa hata kidogo."

"Ziwa nalijua."

Bwana Edmund alimtazama yule mama aliyejifunika, kisha akatazama ile kofia dirishani. Akavaa miwani yake, akaufuata mchoro, akachora alama nyuma ya ghala kwa kalamu yake mwenyewe.

"Mzee, umesikia?"

"Nimesikia. Jengeni." Kofia ikaanza kuondoka, ikasimama. "Na hiyo saa nne ikifika, nitaondoka mwenyewe, apate kupita."

Sijawahi kumsikia Isakwisa akikubali kumpisha mtu. Nililia palepale mbele ya mgeni, na mabega ya Tupokigwe niliyaona yanatikisika chini ya kitenge.