Koplo Aliyepotelea Kwenye Pazia la Bibi

Jana nilipitiwa na usingizi simu ikiwa kifuani, nikaota Koplo Mwaisumo ananigonga goti kwa kitako cha bunduki.

Koplo Mwaisumo ni marehemu babu yangu. Pia ni mwanajeshi wa plastiki, urefu wake kidole cha kati, ambaye nimemaliza wiki nzima nampaka rangi kwa kufuata video za kwenye simu. Bibi Tusekile ndiye aliyeniagiza. "Ambakisye, mume wangu, nitengenezee mwenzako nimweke kwenye kabati la vyombo. Nikinywa chai nimuone."

Picha za Babu zilizobaki ni mbili tu, nyeusi na nyeupe, na kote kafunga mdomo kama kaficha pipi. Sasa rangi za kombati ningezitoa wapi? Nikaangalia pazia la Bibi, lile linaloonekana nyuma ya vioo vya kabati. Kijani ipo, kahawia ipo, na umanjano fulani wa vumbi. Nikaiga humo humo, baka kwa baka. Uso nikauacha kwanza, maana niliuogopa.

Basi, kwenye ndoto Koplo ananiambia, "Mjukuu, umenipaka vizuri mno."

"Asante, Babu."

"Sijakusifia. Naripoti tatizo."

Anapiga hatua mbili nyuma, anasimama mbele ya pazia, anapotea. Zimebaki buti tu, kwa sababu zenyewe nilizipaka nyeusi.

"Umeona sasa?" zinasema buti. "Mke wangu atakunywa chai na kabati. Au ndivyo ulivyotaka, ubaki naye peke yako?"

"Hapana, Babu!"

"Basi twende Ofisi ya Kuonekana."

Nafungua pazia, tuko ofisini. Ni asubuhi, jua kali, na ndani hakuna mtu. Kuna meza, kalamu na kikombe kinachotoa moshi.

"Karibuni," unasema ukuta.

Naangalia vizuri. Kumbe kuna afisa, kajipaka rangi ya ukuta mwili mzima, mpaka miwani.

"Samahani mheshimiwa, hii si Ofisi ya Kuonekana?"

"Ndiyo yenyewe."

"Mbona wewe huonekani?"

"Nikionekana wataniletea kazi."

Kwenye benchi kuna mama amekaa, mabega yamejaa vumbi. Namuuliza anasubiri nini.

"Niliambiwa nisubiri rangi ikauke."

"Tangu lini, mama?"

"Nilikuja na mimba. Yule pale ndiye mwanangu." Ananionyesha mwanaume mwenye mvi kwenye ndevu. Mwanaume ananipungia mkono.

Ukuta unachukua fomu. "Huyu mwenye buti ni mwanajeshi au raia?"

"Ni plastiki."

"Plastiki," unaandika ukuta. "Ya jeshi au ya kiraia? Maana plastiki ya kiraia hairuhusiwi kuvaa mabaka."

"Mimi ni koplo!" zinafoka buti.

"Tulia, afande. Taja alama moja ya mwili ambayo hukuwahi kuificha. Tukiiona hiyo, tunakupa kibali cha kuonekana."

Naangalia chini. Aisee! Sakafu ya ofisi imepakwa nyeusi, na buti zimeanza kuingia humo kama sukari kwenye chai. Kisigino cha kushoto kimeshaenda.

"Babu! Upo?"

"Nipo. Ila siyo sana."

"Taja alama basi! Utamwacha Bibi na nani?"

Napapasa sakafu, sizigusi tena. Imebaki sauti, nayo imekuwa ndogo kama ya mbu.

"Sina ambayo sikuificha, Amba. Ninayo moja tu niliyoificha maisha yangu yote. Nipake meno."

"Hairuhusiwi," unadakia ukuta. "Mwanajeshi aliyevaa sare hacheki."

"Kifungu cha ngapi?" nauliza.

"Kifungu chenyewe nacho hakionekani."

Natoa brashi yangu ndogo, ile ya nywele tatu. Sasa rangi nyeupe sina. Sikununua, niliona porini haina kazi. Nawasha simu nitafute video, simu inanijibu kwa uchovu, "Kaka, meno yako mwenyewe asubuhi unayapaka nini?"

Naingiza mkono mfukoni, natoa dawa ya meno. Nachovya brashi, napaka pale inapotokea sauti.

"Juu, kushoto," ananielekeza Babu. "Hapo ruka moja."

"Niruke kwa nini?"

"Hiyo ni amri, raia!"

Naruka. Meno yanatokea hewani, yanacheka. Mama wa kwenye benchi anacheka, mwanawe anacheka, ukuta nao unashindwa kujizuia. Rangi inapasuka na kubanduka, afisa mzima anabaki wazi, kashika kikombe.

"Kumbe upo!" anapiga kelele mama. Benchi zima linasimama, linamfuata na mafaili yake.

Nikaamka.

Asubuhi. Bibi kasimama mlangoni. "Mume wangu, chai inapoa. Mwenzako yuko wapi?"

Koplo alikuwa mezani, pale nilipomwacha bila uso. Pembeni yake dawa ya meno, haina kifuniko. Nikamsogeza puani. Ananukia mnanaa.

Bibi alimchukua, akamweka kabatini mbele ya pazia, akakaa kwenye kochi lake na kikombe. Kombati ikapotea yote. Zikabaki buti na tabasamu jembamba jeupe, na juu kushoto nafasi ya jino moja.

Kikombe cha Bibi kiligota mdomoni.

"Nani kakwambia habari za hilo pengo?"

"Pengo gani, Bibi?"

"Alivunja jino kwa mfupa wa mbuzi siku ya harusi yetu. Akaniapisha. Hata baba yako hajui."

Akaligeukia kabati.

"Miaka arobaini na nane nimekutunzia siri," akamwambia. "Leo umeitoa mwenyewe."

Akampimia chai.