Mdomo wa Bomba

Kampuni ile ya meli ilivusha wahamiaji kwa zaidi ya miaka arobaini, na walioandika historia yake wanapenda kusifu piano ya daraja la kwanza. Sisi wa daraja la tatu tulilala tumboni mwa meli, tumebanana kama viatu dukani. Hewa yetu ilishuka kwa bomba moja nene lililotokeza juu ya sitaha, mdomo wake ukiwa umeelekea upepo.

Upepo huo ulisukuma harufu yetu kupitia ngazi hadi walikonywea chai mabwana. Wakalalamika. Mkuu wa mabaharia, tuliyemwita Nyundo kwa ngumi zake, akaugeuzia upepo kisogo cha bomba, kisha akafunga mlango wa ngazi.

Kufika adhuhuri midomo ya mke wangu, mjamzito wa miezi minane, ilikuwa ya kijivu.

"Shemeji," nikamwambia kaka yake, "dada yako anakufa."

Aliupiga mlango kwa bega mpaka bawaba zikang'oka. Tulipotokeza, mnyororo wa Nyundo ukampasua paji la uso, akaanguka. Nikamruka, nikalikumbatia bomba.

"Rudi chini, mnyama!" Nyundo akafoka.

"Geuza bomba kwanza."

Alinipiga mdomoni kwa chuma. Meno mawili yakaruka. Nami nikamng'ata sikio, sikuachia mpaka mabaharia wanne waliponibandua.

"Unalipenda bomba?" akasema, damu ikimtiririka shingoni. "Basi lioe!"

Wakanifunga kamba kwenye shingo ya bomba, mikono nyuma, wakaenda zao wakicheka. Kwa hasira, Nyundo alisahau kwamba shingo ile huzunguka. Nikakita visigino, nikasukuma kwa mgongo. Kutu ikanichuna ngozi. Shingo ikalia, ikasogea, ikasogea tena, mpaka upepo ukaingia mdomoni kwa kishindo.

Baada ya muda sauti ya mke wangu ikapanda ndani ya bomba kutoka chini.

"We mwanamume! Uko hai?"

"Niko hai."

"Mbona unaongea kama kikongwe?"

"Thina meno ya mbele."

Akacheka, akakohoa, akacheka tena. "Basi usisogee hapo."

Nyundo alirudi na mnyororo. Visigino vyangu vilikuwa bado vimekita, kwa hiyo ili ageuze bomba ilimbidi anifungue, na pale kwenye mlango uliong'oka watu wetu walikuwa wamesimama, shemeji mbele yao, uso mzima damu. Hakunifungua. Alinipiga mpaka mkono wake ukachoka. Bomba halikurudi hata kidole kimoja.