Unga Uliogoma Kuumuka

Mwokaji mikate alikuwa ameketi jikoni kwake, ameshika tama, anautazama unga kwenye beseni kama mtu anayemtazama mgonjwa. Mkewe alisimama mlangoni, mtoto mgongoni, na miguuni amevaa jozi mbili za soksi za mumewe.

"Hali yake?" mke aliuliza.

"Ile ile. Umelala kama jiwe."

Tangu wahamie nchi hii ya baridi, ndivyo mambo yalivyokuwa. Kule kwao mume alikuwa akikanda unga, anaufunika kitambaa, anapiga soga na wateja, na kabla soga haijafika patamu, beseni limeshajaa. Joto lilikuwa la bure. Hakuna aliyelihesabu kuwa nalo ni kiungo. Huku soga inakwisha, hata watu wa kusengenya wanakwisha, unga uko pale pale. Mikate aliyooka kazini ilitoka mizito, ya kumwangushia mwizi. Bosi wake, mama mmoja mcheshi, hakumgombeza. Alimwambia tu ajaribu tena baada ya mapumziko, mara ya mwisho. Ikishindikana, atarudi kuosha sinia. Na mume huyu, ambaye tangu ujana hajui kazi nyingine, alikuwa ameanza kuamini kwamba mikono yake imekufa.

"Labda hamira ya huku haina adabu," mke alisema.

"Hamira haina kosa, Mama Kibonge. Ni hii mikono. Imekufa."

"Imekufa? Basi jana aliyenibana kiuno pale kwenye sinki alikuwa nani? Niambie mapema nimwombe radhi mume wangu."

Mume akacheka bila kutaka.

Ilikuwa mchana wa siku ya mapumziko. Kibonge alikuwa ameshasinzia, kwa hiyo mama yake akaenda kumlaza. Alipofungua mbeleko tu, baridi ikamrukia mgongoni. Hadi dakika ile, pale mtoto alipolala palikuwa na joto kama la jiko. Akasimama kidogo, anawaza. Akarudi jikoni, akaligusa beseni. Baridi kama pua ya mbwa.

"Masikini, naye anasikia baridi," alisema.

"Nani?"

"Unga wako."

Akalifunga beseni kwa mbeleko, akaliingiza kitandani chini ya blanketi, ubavuni mwa mtoto, kisha naye akajitupa hapo. "Njoo tumpe joto."

"Nilale na unga?"

"Unalala na mimi niliyevaa makoti mawili, unga ndio utakushinda?"

Wakalala wote, na beseni lao katikati. Mke alipofumbua macho, mumewe alikuwa ameketi, kiwiko kimenatwa na unga. Unga ulikuwa umeisukuma mbeleko, umepanda ukingo wa beseni, umemwagikia shuka. Mume alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

"Umeumuka! Mke wangu, umeumuka!"

"Shuka utafua wewe," mke alisema, lakini na yeye macho yalikuwa yamelowa. "Sasa niambie. Kazini unauweka wapi?"

"Mezani, karibu na mlango. Kama nyumbani."

"Na wenzako?"

Mume akajikuna kichwa. "Sijui. Wana kabati lao kubwa karibu na tanuri. Wanaingiza vitu vyao humo, wanatoa."

"Hujawahi kulifungua?"

"Kabati la watu? Mimi nimelelewa, bwana!"

Asubuhi walikwenda kazini wote watatu, maana mke aliijua haya ya mumewe: ukiiachia iende peke yake, hugeukia njiani. Walipofika mbele ya bosi, mume akakohoa, akatazama viatu vyake. Mke akamchoma kwa kiwiko.

"Mama, samahani," mume alisema. "Naomba kuuliza. Mle kabatini mna nini?"

Bosi akauvuta mlango wa kabati. Joto likawapiga usoni. Rafu zote, juu hadi chini, zilikuwa zimejaa mabeseni ya unga uliovimba mashavu.

"Kwani wewe muda wote huu ulikuwa unaumulia pale mlangoni?" bosi aliuliza. "Ah! Mimi nilidhani ndio ufundi wa kwenu, nikasema nisije nikamdharau mgeni!"

Wakatazamana, adabu kwa adabu, kisha wote wawili wakaangua kicheko.

Unga wa mume uliingia kabatini na wenzake. Mke akaketi juu ya gunia pembeni, akangoja. Mkate ulipotoka tanurini na kupoa kidogo, bosi akaubonyeza kwa kidole, ukabonyea, ukarudi. Akaumega, kipande cha kwanza akampa Kibonge, aliyekidaka kwa mikono miwili.

"Sinia nitatafuta mwingine wa kuziosha," bosi alisema huku anatafuna. "Wewe kakande."

Mume akamwinamia mkewe. "Ahsante. Haya, nikusindikize kituoni mpande basi."

"Basi gani?" Mke alikuwa ameshavua soksi, miguu ameielekeza kwenye kabati. "Tangu tufike nchi hii, leo ndiyo nasikia vidole vyangu. Nenda kazini, baba. Niache na mimi niumuke kidogo."

Mume akalishika gunia, pamoja na mke na mtoto juu yake, akalisogeza karibu zaidi na joto.