Bendi ya Spea Tupu

Nawategea, wapenzi wangu: ninacho mwaka mzima sikigusi, na siku nikikigusa ujue mambo yameharibika. Ni nini? Mwavuli? Wapi, huku London mwavuli haukauki. Sanda? Toba, leo ni harusi! Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Sitaki wa mbali, nipeni Ilford, tena si yote, nipeni ule ukumbi ulio nyuma ya barabara ya maduka, wenye maua ya karatasi mlangoni na wapishi wanaogombania jiko moja. Mmenipa? Asanteni. Jibu ni spea.

Na mle ukumbini tumkute Margaret amesimama katikati, gauni la bluu, kilemba kimepanda juu kama kinataka kuruka.

Margaret ni mtu wa Voi. Alikuja London kutunza wazee, na hakuna mzee aliyemwogesha bila kumwimbia. Siku hiyo binti yake wa pekee, Tatiana, alikuwa ameolewa na Albert. Ya kanisani yalikwisha salama, watu wakalia, wakapiga picha, wakalia tena. Kilichobaki ni kile alichokuwa akikingoja tangu siku ya posa: bibi harusi kuingia ukumbini.

Hapo ndipo mama na mwana walipovutana. Tatiana alitaka di-jei. Mama mtu alitaka bendi. Mwisho wakapatana hivi: Margaret ataimba wimbo aliomtungia bintiye, na wenzake wa Bendi ya Jumamosi watapiga. Lakini bibi harusi akifika mlangoni na bendi ikawa bado inahangaika na nyaya, Ian, binamu wa bwana harusi, atabonyeza kompyuta yake, na wimbo wa mama utarudi nyumbani haujaimbwa.

“Mum, promise,” Tatiana alisema. “No drama.”

“Drama ya nini, mwanangu? Sisi ni watu wa mipango.”

Na kweli walikuwa watu wa mipango. Zamani Harrison, mpiga gitaa wao, dereva wa basi kwa kazi, alikuwa na magitaa mawili, moja la kupigia na moja la spea, yote ndani ya buti moja. Gari likamfia njiani, harusi ya watu ikangoja, na magitaa yote mawili yakakaa barabarani yakitazama malori. Tangu hapo bendi ikaweka sheria: spea yako hailali kwako. Inalala kwa mwenzako. Ukikwama wewe, spea yako inafika.

Basi gitaa la spea la Harrison likawa linalala Queensbury, kwa Usha, mpiga kinanda, mzaliwa wa Mombasa mwenye duka la vitambaa na ulimi usiolala. Kinanda cha spea cha Usha kikalala Southall, kwa Mzee Balwinder, fundi umeme mstaafu, Singasinga wa kuzaliwa Nairobi, ambaye yeye alipiga dholaki, ile ngoma ya Kihindi yenye sura mbili. Na dholaki ya spea ya Mzee Balwinder ikalala Croydon, ng'ambo ya mto, kwa Harrison. Watu watatu, spea tatu, kila mtu analea mtoto wa jirani.

Wiki ile ya harusi Margaret hakuwapa watu pumzi. Asubuhi ujumbe: “Msisahau spea!” Mchana anapiga simu: “Usha, spea umeitoa kabatini?” Jioni, mtu yuko bafuni: “Harrison, ile dholaki usije ukaiacha, nakuomba kwa jina la marehemu mama yako.”

“Mama yangu yu hai, Margaret. Yuko Kakamega, anakula.”

“Basi kwa jina la mama yako aliye hai!”

Sasa siku imefika. Usha ndiye aliyeingia wa kwanza, sari ya rangi ya embe, gitaa begani, anahema.

“Nimekuja! Nimebadilisha treni Stratford na hili jitu mgongoni, kila nikigeuka nampiga mtu kofi la gitaa. Sorry, sorry, mpaka Ilford! Haya, Mama Tati, spea hiyo.”

“Mungu akubariki. Na kinanda chako?”

“Kinanda changu anacho Mzee Balwinder.”

“Hicho ni cha spea, Usha. Nasema chako cha kupigia.”

Usha akafungua mdomo. “Ati changu mimi?”

Kabla hajajibiwa akaingia Mzee Balwinder, kilemba cheupe, ndevu zimechanwa zikachanika, kinanda kwapani. “Spea imefika!” akatangaza kwa sauti ya mtu aliyeokoa taifa.

“Na dholaki yako, Mzee?”

“Si iko kwa Harrison?”

Margaret akahisi kilemba kinambana. Akageuka mlangoni. Harrison alikuwa anaingia kinyumenyume akivuta spika na amplifaya, na juu ya amplifaya, kama mfalme juu ya kiti, imekaa dholaki. Dholaki peke yake.

“Harrison,” alisema Margaret polepole, “gitaa lako liko wapi?”

“Croydon,” alisema Harrison, kisha uso ukamwanguka. “Mama wee. Croydon! Liko kitandani. Nimelivalisha hata mkanda mpya. Wewe ulisema spea, spea, spea, nikaota spea, nikaamka nikachukua spea!”

Wakatazamana wote wanne. Bendi nzima imekuja na spea tupu. Halafu Mzee Balwinder akaanza kutikisika mabega, Usha akashika ubavu, na Margaret, ambaye alikusudia kulia, akajikuta anacheka mpaka machozi yanaharibu poda.

“Anti Margaret!” Ian aliita kutoka kwenye meza yake ya di-jei, miwani ya jua ndani ya nyumba. “Gari la bibi harusi limefika kwenye mataa. Niwashe?”

“Subiri wewe! Usiguse hata kitufe!” Akawageukia wenzake. “Jamani, tunachekea nini? Si spea zote zipo? Kila mtu achukue ya kwake tupige. Spea ni ya nini kama si ya leo?”

Maneno ya busara. Yakadumu mpaka Harrison alipopachika gitaa begani na kulicharaza.

Lilitoa sauti kama sahani zinaanguka kwenye ngazi.

“Nani amelipindua gitaa langu?” Akaliinamia. “Uzi mnene uko chini, mwembamba uko juu! Hili limefungwa nyuzi za mtu wa mkono wa kushoto!”

Ukumbini mle mtu wa shoto alikuwa mmoja tu, na alikuwa ameanza kuupanga upya ukingo wa sari yake.

“Usha!”

“Nini? Limekaa kabatini linanitazama, nilifanyeje? Duka likikosa wateja nalitoa kidogo.”

“Kidogo! Hizi nyuzi zimeisha kwa kupigwa! Tuna nyuzi nyingine?”

“Umeziweka wapi wewe?” Usha alimrudishia.

Harrison akafumba macho. “Kwenye mfuko wa lile la Croydon.”

“Nyie gombaneni, mimi napiga,” alisema Usha, akakirukia kinanda chake apate pa kujificha. Akaweka vidole pale alipoviweka maisha yake yote, na kinanda kikaimba juu, juu kabisa, kama mtu aliyekanyagwa kidole. Akatafuta kitufe cha kushusha. Pale palipokuwa na kitufe pana tundu, na ndani ya tundu pamechomekwa kijiti.

“Mzee Balwinder, hiki kijiti ni cha nini?”

“Usikitoe!” Mzee alipiga kelele. “Ukikitoa kinakufa. Kitufe kiling'oka, mimi nikafanya ufundi. Sasa kinaanza juu kidogo, lakini ukizoea ni kitamu sana. Mimi naanzia huku kwenye kibao chenye karatasi nyekundu, halafu...”

“Unaanzia?” Usha alimkazia macho. “Mzee, unakipiga?”

Mzee akajikuna ndevu. “Mke wangu akienda kwa dada yake, nyumba inakuwa kimya.”

Wote wakamgeukia Harrison kwa pamoja. Mzee Balwinder hakuuliza kitu. Aliipakata dholaki yake ya spea magotini na kuipiga kwa viganja, taratibu, kama mtu anayeamsha mtoto. Ngoma ikasema bup. Akapiga tena. Bup.

“Umeifanya nini, Harrison?”

“Nimeikaza, Mzee. Vidole vyangu vimechoka na usukani, haviwezi kupiga kwa mkono. Nikaweka ngozi nene. Yataka fimbo.” Akachomoa mfukoni vijiti viwili, akiona haya kama aliyekutwa na sigara. “Majirani wanapenda, lakini.”

Haya, wapenzi wangu, nawategea kingine, chepesi: wenye mali watatu, kila mmoja ameshika chake, na hakuna anayeweza kukitumia. Wafanyeje?

Margaret hakuhitaji mji. Dirishani aliona gari jeupe lenye riboni linaegeshwa, na mguu mmoja wa bintiye unatoka, na gauni linautafuta mguu. Mabibi wa pande zote mbili walikuwa wameshaanza vigelegele.

“Anti,” aliita Ian, kidole juu ya kompyuta, “mimi spea yangu ni chaji asilimia tisini. Niwashe?”

“Ian, mwanangu, ukiwasha nakuwasha!” Akawaelekea wenzake watatu, mikono kiunoni. “Badilishaneni. Kila mtu ashike alichokuja nacho.”

“Mama Tati, mimi najua mikao mitatu tu ya vidole!” alisema Usha.

“Wimbo wangu una miwili. Utabakisha.”

“Ngoma sijawahi kuipiga mbele za watu!” alidakia Harrison.

“Majirani wa Croydon si watu?” Margaret alimjibu. “Mzee, wewe anzia kwenye karatasi nyekundu. Mimi nitapanda huko huko juu kilipo kinanda chako, nikipasuka mnizoe. Moja, mbili!”

Sasa ule wimbo, alivyoutunga Margaret, ulikuwa wa mwendo wa maringo. Bibi harusi hatua moja, anatulia. Hatua ya pili, anatulia. Shangazi wanafuta machozi. Kwa wiki nyingi alikuwa ameufanyia mazoezi hivyo akiwachana nywele wazee wake, nao wakasinzia.

Lakini Usha alijifunza gitaa kwa nyimbo za kuchezesha, na vidole vyake havikujua polepole ndiyo nini. Aliondoka kwa kasi, ulimi nje, macho yamefumba. Mzee Balwinder akamfukuza na kinanda, akiruka kibao kimoja kila alipofika kwenye karatasi ya kijani, maana hicho kilikufa kitambo. Na Harrison, jamani, Harrison alivyoiinamia ile dholaki na vijiti vyake ungesema ni basi lililochelewa, na vituo vyote mbele vimejaa watu.

Mlango ukafunguka. Tatiana akasimama pale, gauni jeupe kama theluji, mkono umeshikwa na Albert. Margaret akauona uso wa mwanawe, akasahau mazoezi yote, akapanda juu na kinanda:

*Fungua mlango, fungua,*
*mtoto wangu apite!*
*Asiyecheza asogee,*
*asiyejua acheke!*

Hatua ya kwanza Tatiana alijaribu kutulia. Haikuwezekana. Ya pili viatu vilimpinga, akavirusha. Kimoja kikaangukia meza ya keki. Akakusanya gauni mikononi kama anavuka mto, akaja anakimbia kimchezo, mabega yanapanda na kushuka, Albert nyuma yake akikanyaga shela na kuomba radhi. Shangazi waliotayarisha leso wakazipunga hewani. Ian alivua miwani ili aone vizuri.

Walipofika mbele wimbo ulikuwa bado uko katikati, kwa ile kasi hakuna aliyejua wapi pa kuumalizia, na Tatiana alimrukia mama yake shingoni.

“Mum! That's my song? That's the slow song?”

“Ulikuwa slow, mwanangu, nakuapia, ulikuwa slow mpaka leo!” Margaret alikuwa anacheka na kulia kwa mdomo mmoja, na kipaza sauti kikawapa watu wote habari hiyo. “Nisamehe, nilikuahidi hakuna drama.”

Tatiana akawatazama: mwanamke wa sari anayepiga gitaa kwa shoto, mzee wa kilemba anayekimbiza vibao, dereva wa basi anayeitwanga ngoma, hakuna anayethubutu kusimama maana hakuna anayejua kuanza tena. Akafuta macho, akamshika Albert mkono.

“Tena,” alisema. Kwa Kiswahili, wazi kabisa. “Mami, tena! Tunatoka, tunaingia tena!”

“Msisimame!” Margaret aliwapigia bendi kelele. “Mtoto anarudi!”

Wakatoka mbio, wakaingia mara ya pili, na safari hii wasimamizi wa harusi hawakukubali kuachwa. Mara ya tatu wakaja mabibi. Kisha wazee wa upande wa Albert wakasema kama ni kuingia, wao pia wana miguu, wakatoka nje wakapanga foleni, na huko nje, Ilford ni Ilford, watu wenye mifuko ya maduka wakiona foleni wanauliza ni ya nini, na kabla ya kujibiwa wameshasimama. Akaingia bibi mmoja asiyejulikana na mtu, anasukuma kikapu chake cha magurudumu, kichwa kinakubaliana na dholaki. Margaret akamwimbia na yeye, *apite, apite*, kwa sauti ambayo hakujua kama anayo.

Jikoni wapishi wakatoka wamenuna. Pilau inapoa, walisema, nani atakula, mbona meza zote tupu? Wakachungulia foleni. Wakashauriana. Kisha wakaibeba sufuria mmoja huku na mmoja huku, wakapita mlango wa nyuma, wakazunguka jengo zima, na pilau nayo ikaingia ukumbini ikicheza.