Kura ya Machozi Sinemani Namangan

Kwa miaka ishirini Oysara Tojiboyeva alilipwa ili aanguke. Alianguka tanurini, mtaroni, mgongoni mwa punda, na Uzbekistan nzima ikamcheka. Kwa hiyo mwaka 1985, alipoigiza kwenye filamu mjane anayewagawia wanawe watatu nyumba, bila kuanguka hata mara moja, watu hawakumwelewa. Katika sinema za Tashkent, mji mkuu, walianza kucheka tangu mazishi ya mume. Baada ya siku nne filamu ikaondolewa, ikasukumiwa miji ya mbali.

Oysara akapanda basi hadi Namangan akaione kwa mara ya mwisho. Bango mlangoni lilisema: VICHEKESHO.

"Nani kaandika hivi?" akamuuliza meneja, Qodirov.

"Mimi, dada. Kwa uso wako huo, ningeandika nini?"

"Ni filamu ya huzuni!"

"Basi panda jukwaani uwaambie."

Akapanda. Akawasihi watazamaji arobaini na sita wasicheke. Walicheka mpaka kofia zikawadondoka. Alipotokwa na machozi ya hasira, mwanamke wa mstari wa mbele alishika mbavu akaomba maji.

Oysara akaenda kukaa nyuma, amejitanda shela. Filamu ikaanza. Mjane alipogawa vyombo, sufuria kwa huyu, birika kwa yule, ukumbi ulilipuka. Mara mzee mmoja akaangua kilio.

"Mzee, una nini? Hii ya kuchekesha!" jirani yake akamkemea.

"Wanangu waligawana hivihivi, nami nimekaa palepale nawatazama!"

"Basi lia kimya, wenzio tumekuja kucheka!"

Zogo likawaka. Qodirov, mtu wa utaratibu, akasimamisha filamu, akawasha taa, akaitisha kura. Ya kuchekesha: arobaini na wanne. Ya huzuni: wawili, mzee na Oysara. Mmoja alikuwa amelala.

"Imepita! Wenye machozi kushoto, wenye kicheko kulia. Tusisumbuane."

Oysara akahamia kando ya mzee.

"Wewe walikuachia nini?" akamnong'oneza.

"Zamu. Mwezi kwa huyu, mwezi kwa yule."

Kwenye filamu mjane aliosha kikombe chake, akakosa pa kukiweka. Akazunguka nacho chumba hadi chumba. Kicheko kikapungua. Mtu mmoja akavuka ameinama, kama anayekwenda msalani, akakaa kushoto. Wakafuata wawili. Kisha yule mwanamke aliyeomba maji, akijidai anatafuta kiatu. Taa zilipowaka, upande wa kulia alibaki yule aliyelala tu.

Oysara akamkimbilia meneja. "Piga kura upya!"

"Nishaandika kwa wino, dada. Arobaini na wanne kwa wawili. Tia saini hapa, wewe shahidi."

Macho ya Qodirov yalikuwa mekundu.

"Nawe umelia?"

"Mimi sipigi kura," akajibu, akipenga kamasi.

Oysara akatia saini. Filamu haikuonyeshwa tena popote. Siku hiyo, nje, watu walimpisha njia, na mwanamke mmoja akamshika mikono miwili akampa pole ya kufiwa na mume. Oysara akaipokea kwa heshima, ingawa mumewe alikuwa Tashkent, mzima wa afya, akipika pilau.