Maua ya Ukutani kwa Lydiah

Teresiah alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi mbichi, kamera shingoni, mkono wa kulia ameunyoosha mbele na uso ameugeuzia begani. Ncha ya kidole chake iligusa ua. Alitulia hivyo kidogo, akaurudisha mkono, akainua kamera bila kukisogeza kiwiliwili, akazuia pumzi na kubonyeza.

"Kwani unapima kitambaa?" Mbithe alimwuliza kutoka nyuma yake.

"Nalenga," Teresiah akajibu.

"Aii! Hivyo ndivyo mimi hupimia wateja Gikomba. Puani mpaka kidoleni. Sikujua hata maua yanauzwa kwa wari."

Mbithe, Mama Mutisya kwa majirani, akacheka peke yake. Alikuwa muuza vitambaa, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni, na watu wa Shauri Moyo walimpenda ingawa walijua hana kifua. Ukimwambia neno asubuhi, jioni utalikuta limekutangulia nyumbani.

Walikuwa uwandani, mbele ya Athi River, mahali ambapo Lydiah alikuwa ameliacha gari kando ya barabara wakaingia kwa miguu. Masika yalikuwa yamekatika wiki ile. Udongo mweusi ulikuwa umejaa maua meupe, mafupi, yaliyolala chini kama karatasi zilizopeperushwa na upepo. Safari yenyewe ilikuwa ya Lydiah. Alikuwa taipisti serikalini, mdogo wao kwa umri, na alikuwa amehamia Buruburu kwenye nyumba iliyokuwa bado ikinuka rangi. Kuta tupu zilimnyima usingizi. Kalenda hakuzitaka, maana kila nyumba ilikuwa na kalenda. Alitaka maua ya porini na wanyama, picha kubwa juu ya kochi, na mgeni akiuliza zimetoka wapi, ajibu kwamba zilipigwa na rafiki yake.

Rafiki ndiye huyo Teresiah, Mama Thuo, mjane aliyeachiwa studio ndogo pale Gikomba na marehemu mumewe.

"Lakini maua bila rangi, Mama Thuo?" Lydiah alikuwa amelalamika tangu Jogoo Road. "Si itakuwa kama picha ya kitambulisho?"

"Picha nzuri haiombi rangi msaada."

Maneno matamu hayo, na ya uongo. Filamu ya rangi ingepelekwa mjini kuoshwa, na waoshaji wa huko wangeyaona makosa yake kabla ya mtu mwingine yeyote. Nyeusi na nyeupe aliiosha mwenyewe, nyuma ya pazia lake.

Ukweli ni kwamba ua lile Teresiah hakuliona. Aliona weupe, na kando ya weupe aliona weusi, na kati ya vitu hivyo viwili hapakuwa na mpaka. Alikuwa na mtoto wa jicho, katika macho yote mawili. Studioni jambo hilo halikumsumbua. Mteja alisimama kwenye mstari wa chaki, taa zilikaa pale mumewe alipozipigilia misumari, na pete ya lenzi ilikuwa imezungushiwa utepe wa gundi isisogee. Mtu akisimama pale, hata kipofu angempiga picha safi. Kuhusu mashine ya kukuzia picha, nayo ilikuwa imekazwa kwa saizi moja tangu mumewe akiwa hai. Wateja walichukua picha zao wakaenda, na hakuna aliyerudi kulalamika.

Aliogopa, tena sana. Hakuliogopa giza, aliiogopa Gikomba. Nani angempeleka mtoto wa komunyo ya kwanza kupigwa picha na mwanamke asiyeona? Basi Lydiah alipomwomba safari hii, alitafuta sababu ya kukataa na asiipate. Tena, moyoni, alitaka kujua. Alikuwa amebandua ule utepe wa pete usiku uliotangulia, ili aizungushe kwa kipimo cha mkono wake, na kujiwekea nadhiri: ua moja tu likitoka safi, ataendelea na kazi na mdomo wake utafungwa. Yakitoka ukungu yote, atasema.

Twiga hawakumtia shaka. Walikuwa mbali, karibu na kilima, na kitu cha mbali hakihitaji kupimwa. Unaizungusha pete mpaka mwisho, unaelekeza kamera pale wenzako wanapoonyesha vidole. Pundamilia vivyo hivyo. Lydiah alipiga makofi kama msichana wa shule. Teresiah naye akachangamka, na kuchangamka huko ndiko kulikomponza.

Jua lilikuwa limepanda. Walikuwa wakirudi kwenye maua, yeye mbele, aliposimama ghafla na kuinua kiganja.

"Nyamazeni," akanong'ona. "Kongoni huyo. Hapo kando ya kichaka."

Wenzake wakasimama. Teresiah akainama, akanyatia hatua chache na kubonyeza.

"Wapi?" Lydiah akauliza.

"Hapo mbele yako. Ametulia kabisa. Usimshtue."

Lydiah akatazama, kisha akashika tumbo. "Mama Thuo! Hiyo si sweta ya Mbithe!"

Na kweli ilikuwa sweta ya kahawia ya Mbithe, aliyoivua kwa sababu ya joto na kuitundika kwenye miiba wakati wa kupita. Lydiah alicheka mpaka akakaa chini. "Haki umenipata! Hata sauti ameshusha! Huyu mama ni mchezo wa kuigiza!"

Teresiah akacheka pia, upesi kuliko ilivyohitajika. Mficha maradhi kilio humfichua, wahenga walisema. Kwa Teresiah, kicheko ndicho kilichomfichua. Maana Mbithe hakucheka. Alikitazama kichaka, ambacho kilikuwa karibu kiasi kwamba vifungo vya sweta vilionekana. Akamtazama Teresiah. Halafu akaenda akaitoa sweta yake miibani, akaikunja, akaishika mkononi. Miaka yote waliyojuana, Teresiah hakukumbuka siku ambayo Mbithe aliona jambo la kuchekesha akaliacha lipite.

Walikunywa chai ya chupa na mkate, wakarudi Nairobi. Garini Mbithe alizungumzia bei ya vitunguu.

Kesho yake Teresiah alifungua studio akingoja aibu. Alikuja kijana wa kitambulisho. Alikuja mwanamke na mapacha. Hakuna aliyemchungulia machoni, hakuna aliyepunga mkono mbele ya uso wake kumjaribu. Mchana kutwa alikuwa akitega masikio mlangoni, na Gikomba ilikuwa ikipiga kelele zake za kila siku, hakuna iliyomhusu.

Siku iliyofuata aliosha filamu. Alipenda kazi hiyo sasa kuliko zote, kwa sababu kwenye chumba cha giza watu wote ni sawa. Mikono ilijua chupa ya dawa kwa umbo la shingo yake, ilijua maji ya baridi na ya vuguvugu. Alichapa picha moja baada ya nyingine, akazibana kwenye kamba katika chumba cha mbele cha studio zikauke. Kisha akasimama mbele yake, pua ikikaribia kugusa karatasi, akatazama. Aliona kijivu. Akarudi nyuma, akaona kijivu. Hasira ikampanda. Picha zilikuwa zake, jasho lilikuwa lake, na hakuwa na uwezo wa kujua amezaa nini.

Mbithe akaingia bila kubisha, kama kawaida yake.

"Zimetoka?"

"Niambie wewe," Teresiah akasema.

Alisikia ndara za Mbithe zikisogea taratibu kuifuata kamba.

"Twiga wametoka," Mbithe akasema. "Haki ya Mungu, wametoka! Unaweza kuyahesabu madoa. Na punda hawa, tazama, mistari imenyooka kama ya shati." Ndara zikaenda mbele. "Hii ni... hii ni sweta yangu."

"Na maua?"

Ndara zilisimama. Zikaenda mbele hatua moja, zikasimama tena. Maji yalidondoka kutoka kwenye picha yakipiga gazeti lililotandikwa chini.

"Mama Mutisya, nimekuuliza maua."

Mbithe alimpita, akaenda mlangoni, na ingawa ilikuwa bado saa za kazi, akaufunga mlango na kutia komeo. Aliporudi alivuta benchi la wateja, akamshika Teresiah mkono na kumkalisha, akakaa karibu naye.

Mlango ukagongwa.

"Hodi! Ni mimi Lydiah! Nimekuja kuchukua maua yangu!"

Teresiah akalikamata benchi kwa mkono. Mbithe akaufunika kwa wake.

"Bado ni mbichi!" akapaza sauti yake ya sokoni. "Enda ununue nyama kwanza, urudi!"

"Hata kuchungulia?"

"Nimesema enda, mtoto! Picha huchunguliwa?"

Viatu vya Lydiah vilisikika vikienda zake, vikipotea katika kelele za barabara. Mbithe alikaa tu, akipumua kwa nguvu kama mtu aliyebeba mzigo na hataki kuutua.

"Yote ni ukungu, basi. Lilianza jicho la kulia," Teresiah akasema.